Akiba ya Uso Mkunjufu

Mtu akisifu akiba mbele yangu, mimi humwuliza kwanza ni nani aliyepunguziwa chakula. Wajukuu zangu husema bibi ana ulimi mkali. Ninao. Nimeutumia vibaya kuliko wanavyojua, na ndiyo maana naandika haya kabla sijafa, kwa mwandiko huu wa kuchechemea niliofundishwa na masista nikiwa tayari mtu mzima mwenye watoto.

Nyumbani kwetu kulikuwa na amri ya kucheka. Sifanyi mzaha. Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye mteremko wa Uluguru, mahali ambapo ukitoka mlangoni asubuhi unaliona boma la Wadachi kule chini Morogoro. Baba yetu alikuwa amefia safarini akibeba mizigo ya watu, wala hatukuletewa hata fimbo yake. Lakini kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo hatukubaki bila mkubwa. Mjomba, kaka yake mama, aliacha kazi huko alikokuwa, akaja, na sisi watatu, mama, dada yangu na mimi, tukawa chini ya mkono wake.

Mjomba alikuwa ametumikia miaka minne nyumbani kwa mlowezi mmoja mwenye shamba la mpira. Alirudi na koti lisilo na vifungo na imani moja. Alikuwa ameona kwamba kila Jumamosi yule Mzungu alitia rupia zake katika sanduku la bati, na kila alipotia alipiga mluzi. Miaka yote minne hakumwona hata siku moja akitia kwa kununa. Mtu mwingine angejiuliza rupia zile zilitoka mgongoni kwa nani. Mjomba aliona ni mluzi uliokuwa unazizalisha.

"Kinachowekwa kwa uchungu huliwa na panya," alituambia. "Kinachowekwa kwa uso mkunjufu huongezeka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba yenyewe iwekwe kwa kicheko."

Akaleta lindo, lile pipa la gome la mti ambalo watu wetu huhifadhia nafaka, akalisimamisha karibu na mafiga. Kila alasiri mama alimpimia kila mmoja kibaba chake cha mahindi. Kabla hayajatiwa kwenye jiwe la kusagia, kila mtu alichota konzi moja kutoka kibaba chake, akalimimina lindoni huku akicheka, na Mjomba akimtazama midomo. Ukinuna, unatoa konzi la pili. Ugali ukiiva aliukata yeye mwenyewe kwa mwiko, na aliyetoa makonzi mawili alipata kipande cha kutafuna mara tatu na kunawa.

Yeye pia alitoa. Hilo ndilo linalonikera hadi leo. Alitoa konzi lake, na mkono wake ulikuwa mkubwa kuliko yetu, na alicheka kwa moyo wake wote. Alitupenda. Alitaka watoto wa dada yake wasije wakabebeshwa mizigo wakafia njiani. Laiti angekuwa mwizi, ningemchukia nikapumzika.

Mimi nilizaliwa mnunaji. Mwezi ule wa kwanza nilitoa makonzi mawili karibu kila siku, nikaenda kulala tumbo likinguruma. Mama alijifunza upesi kuchekesha midomo bila macho kushiriki. Dada hakuwa na la kujifunza, alikuwa mtu wa furaha tangu tumboni, na mara nyingi alinimegea kipande chake Mjomba akigeuka.

Mwaka ambao reli ilifika Ngerengere, dada alivunja ungo, akaingizwa ndani.

Kwetu mwali hukaa katika chumba kisicho na dirisha. Haoni jua. Hatazamwi na mwanamume yeyote, hata mjomba wake. Hapazi sauti, kwa sababu sauti ya mwali ikisikika nje ni aibu ya nyumba nzima. Kungwi humjia kumfunda, na wakati mwingine wote husuka ukili wa mikeka na kulishwa vizuri, anenepe, ngozi ing'ae. Siku ya kutoka hubebwa mabegani kwa ngoma na vigelegele, koo mbili zikanywa pombe ya mtama na kula mpaka zichoke. Kisha huolewa. Dada alikuwa na mchumba tayari, kijana wa ng'ambo ya kijito aliyekuwa akifanya kazi ya kutandika reli, na wazazi wake walikuwa wameleta jembe la posa. Dada alimpenda. Nilijua kwa sababu kabla ya kuingizwa ndani alikuwa akiniuliza kama kijito kimejaa, naye hakuwa mtu wa kujali maji.

Mjomba akatangaza kwamba sasa akiba imepata kazi: ni ya karamu ya kumtoa mwali. Nani angepinga? Kungwi peke yake, bibi mmoja wa ukoo wetu mwenye jicho moja, alisema mwali haingizwi katika mambo ya makonzi.

"Karamu ni ya nani, bibi?" Mjomba akamwuliza kwa upole. "Si yake? Basi naye aweke."

Mavuno yalipopita, lindo lilijaa hadi mdomoni. Mama alianza kuzungumzia mtama wa kuchipuza kwa ajili ya pombe. Mjomba akalipiga lindo ubavuni, akaridhika na mlio wake, halafu akatuketisha.

"Lindo limeiva, mwali bado," alisema. "Mke anayenuna hawezi kuweka akiba kwa watu. Atarudishwa, na aibu itakuwa yetu. Atatoka akitimiza siku thelathini mfululizo anatoa konzi lake kwa uso mkunjufu. Akinuna siku moja, tunaanza upya."

Tatizo likawa nani atauona uso wenyewe. Yeye ni mwanamume, haingii. Mama ni mama, atamficha. Kungwi haji kila siku. Mjomba akanigeukia mimi, niliyekuwa na miaka kumi au kumi na mmoja. "Wewe utaingia na konzi lake utalileta wewe. Mtoto hasemi uongo." Akaongeza kwamba siku nitakayomkuta dada amenuna na kusema kweli, dada atatoa makonzi mawili na mimi nitasamehewa langu.

Askari wa boma walikuwa wakipanda milimani kutafuta wasiolipa kodi. Askari aliyekosa mtu alishuka mikono mitupu, na aliyepata mtu alishuka na kuku wa mtu huyo. Mjomba aliwalaani sana askari wale jioni wakishapita. Kazi aliyonipa ilikuwa ileile, na hakuliona hilo.

Siku ya kwanza niliingia na kijinga cha moto mkononi. Dada alikuwa amekaa juu ya mkeka, ukili umemzunguka miguuni. Alinitolea meno yote thelathini na mawili, akapindua macho, akajaza mashavu pumzi, mpaka mimi mnunaji nikacheka nikalazimika kuziba mdomo. Nikatoka nikasema amecheka. Mjomba akafunga fundo moja kwenye kamba ya mgomba iliyoning'inia mlangoni. Tulifika mafundo kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili mama alipika uyoga kwa karanga. Nilikuwa nimetoka kuokota kuni, na harufu ile ilinikuta njiani. Niliingia kwa dada, akacheka, nikachukua konzi lake, nikatoka, na Mjomba akauliza, "Vipi?" Nikasema, "Amenuna."

Hakuna kilichotokea. Nilikuwa nimetazamia mbingu zishuke. Mjomba alitikisa kichwa, akanituma nirudi ndani kwa konzi la pili, akafungua mafundo yote kumi na moja, moja moja, huku akiimba taratibu ili asinune. Nikala kipande kizima cha ugali na uyoga wangu wote. Ulikuwa mtamu.

Dada hakujua kosa lake ni lipi. Alidhani mwanga haukutosha. Kesho yake nilipoingia, alikichukua kijinga kutoka mkononi mwangu, akakisogeza mwenyewe mpaka karibu na shavu lake, akacheka hapo, kwenye mwanga, na kunitazama kama anauliza, umeona? Nikaitikia kwa kichwa. Siku ile nilisema kweli. Siku nyingi nilisema kweli, kwa sababu nilikuwa na akili na nilijua uongo wa kila siku haudumu. Nilisubiri mafundo yafike saba, kumi na tano, mara moja ishirini na mawili. Kisha nilisema neno langu moja, nikashiba.

Alisuka. Mikeka yake ilishuka mjini, ikarudi hela na chumvi, na Mjomba akanunua lindo la pili. Makonzi yake yalikwenda huko. Mjomba alipenda sana ile methali yake ya kibaba, lakini iko nyingine, bandu bandu huisha gogo, hiyo sikumsikia akiitamka hata siku moja. Mifupa ya mabega ya dada ilianza kuonekana.

"Mwali hunenepeshwa," kungwi alimwambia Mjomba mlangoni. "Huyu mnamkausha. Mimi sijaona jambo hili tangu nizaliwe."

"Atanenepa kwa mumewe, bibi. Amebakiza kucheka tu."

"Mbona mimi nikija anacheka?"

"Kwako anacheka. Kwenye akiba ananuna. Ndiyo tabia tunayotaka kuitoa."

Kungwi alinitazama kwa lile jicho lake moja. Nilikuwa nimeketi kizingitini, nimenona, natafuna muwa. Akaondoka. Baadaye nilikuja kujua kwamba siku ile alielewa, lakini neno la mtoto lilikuwa limeshakubaliwa na mwenye nyumba, na mwali mwenyewe haruhusiwi kusema. Nani angemtetea?

Mama alijaribu kumpenyezea dada unga wa kukoroga uji. Mjomba akagundua. Hakumgombeza. Alimcheka kwa upendo, akamtaka atoe makonzi matatu, naye mama akatoa huku akicheka na machozi yakimshuka mpaka kidevuni. Mjomba akasema umefanya vizuri dada yangu, machozi hayahesabiwi, midomo ndiyo inayohesabiwa.

Siku moja tukiwa kijitoni, mama aliweka mtungi chini akanishika mkono. "Mwanangu, niambie mimi mama yako. Kweli dada yako hununa?"

Mkono wake ulikuwa wa baridi kwa maji. Ningeweza kumwambia. Hakuna mtu aliyekuwa karibu.

"Hununa, mama."

"Sana?"

"Hukunja uso hivi," nikasema, nikamwonyesha.

Aliniachia mkono. Akajitwika mtungi, tukapanda kilima. Tangu siku ile alianza kumkasirikia dada. Nilimsikia akimwambia kupitia ukutani, "Kinachokushinda ni nini, wewe? Ni kucheka tu. Unatuweka hivi wote kwa kiburi chako." Mwali hajibu kwa sauti. Ukili uliendelea kukwaruza.

Mavuno ya pili yakapita. Reli ikafika Morogoro, watu wakashuka milimani kwenda kulitazama gari la moshi, wakarudi wakisimulia. Halafu mama yake mchumba alikuja na kuku mkononi. Alimwambia Mjomba kwamba sasa wanaisogeza reli Kilosa, na kijana wake amepangiwa kundi la kwenda huko mwezi ukiandama. Hatarudi upesi. Anamtaka mkewe kabla ya safari. Kama haiwezekani, wao hawana ugomvi, watachukua jembe lao, kwani ni miaka sasa na umri wa mtu haungoji.

Mjomba akaitazama kamba. Ilikuwa na mafundo kumi na mawili.

"Zimebaki siku kumi na nane," alisema. "Mwezi unaandama baada ya ishirini. Mtamchukua."

Dada aliyasikia yote ukutani. Alasiri nilipoingia, alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa ukili. Akanisogeza na kuninong'oneza sikioni, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake kwa karibu miaka miwili. Ilikuwa imekwaruza.

"Mdogo wangu. Siku kumi na nane tu. Nikitoka, konzi lako nitakutolea mimi kila siku mpaka na wewe utakapoolewa. Nitakuwa natuma nafaka kutoka kwa mume wangu. Sawa?"

Kumbe alijua. Sijui alijua tangu lini. Hakunilaumu, hakuninyooshea kidole, alikuwa anafanya biashara na mtu mwenye duka. Nikaona haya, nikasema sawa, dada.

Nilitimiza. Siku kumi na tano nilisema kweli, na kila jioni nilitoa konzi langu, nikala kipande changu kilichopungua, na sikufa. Nyumba ikachangamka. Mama aliloweka mtama. Mjomba alishuka mjini akarudi na kanga mpya, akaturuhusu tuiguse kwa ncha za vidole. Kungwi alikuja na mafuta ya kumpaka mwali. Shangazi za mchumba walikuja kuazima vyungu, na kila aliyeingia aliuliza habari za mwali, mwali ameamkaje, mwali amekula nini. Mama aliimba. Sikuwahi kumsikia mama akiimba.

Siku ya kumi na sita shangazi mmoja alinipa bakuli la wali kwa maharage, nikalimaliza, akanipa jingine nikalimaliza nusu nikashindwa. Nasema hili ili lieleweke vizuri: nilikuwa nimeshiba. Nilikaa kizingitini watu wakinipita, wakiniambia sogea mtoto, sogea. Hakuna aliyeniuliza lolote tangu asubuhi. Kisha Mjomba akaniita niingie kwa dada, na watu wote waliokuwa pale wakanyamaza wakanitazama, kina shangazi, kungwi, na mama mwenye unga mikononi.

Dada alicheka. Alikuwa ameshapakwa mafuta, na alicheka kwa ule mcheko wake wa zamani wa kupindua macho, maana hakuwa na hofu tena. Nikachukua konzi lake. Nikatoka.

"Vipi?" Mjomba akauliza, na tayari ameshika kamba afunge fundo.

"Amenuna."

Mjomba hakufungua mafundo. Alishuka akachuchumaa mbele yangu, uso wake karibu na wangu, na kwa mara ya kwanza niliona hacheki. "Umetazama vizuri?" alisema. "Chumba kina giza. Labda kijinga kilikuwa kimefifia. Rudi utazame tena, mjomba wangu. Rudi."

Alikuwa ananifungulia mlango, maskini, amri ni yake na alikuwa hawezi kuivunja mbele ya watu. Ningerudi tu ndani na kutoka. Watu wote walikuwa wananitazama.

"Nimetazama," nikasema. "Amenuna."

Akafungua mafundo ishirini na saba. Ilichukua muda. Kungwi alitema mate chini akaondoka na mafuta yake. Ndani hakukusikika hata ukili.

Siku ya tano yake watu wa mchumba wakaja kuchukua jembe lao. Kijana alikwenda Kilosa, na tukasikia kwamba ameoa huko. Baada ya hapo hakuna aliyenituma tena kutazama uso wa mtu. Mjomba alimtoa dada baada ya mwezi mmoja, bila kumhesabia chochote, kwa sababu pombe ilikuwa imechachuka na malindo mawili yamejaa. Watu walikula siku mbili. Dada alitolewa amefumba macho kwa jua, kanga imemlegea kiunoni, na vigelegele vilianza vizuri kisha vikapungua kimoja kimoja walipomwona vizuri. Mzee mmoja wa Dakawa, mwenye wake wawili, akamchukua kwa posa ndogo. Mjomba aliipokea kwa uso mkunjufu.

Mjomba alikufa, mama naye akafa. Mimi niliolewa na mtu mwema, nikazaa. Dada hakupata mtoto. Kungwi alisema damu yake ilikaukia mle ndani, na mimi si mganga, siwezi kubisha.

Nilikwenda kumwona Dakawa mara moja tu, wakati Wadachi walikuwa bado hawajaondoka. Alinitandikia mkeka, akanipikia wali, akanipakulia sahani hadi ikafurika. Alikuwa amezeeka kabla ya siku zake, lakini alicheka kwa mambo madogo kama zamani. Nilikuwa nimekwenda kusema, na nilikuwa nimelifanyia neno hilo mazoezi njia nzima.

"Dada," nikaanza, "siku ile ya kumi na sita..."

"Acha," alisema. Akanishika kifundo cha mkono kama alivyonishika mle ndani. "Mimi nilikusamehe siku ileile. Ulikuwa mtoto. Nilijiambia, mdogo wangu ana njaa, na mtu mwenye njaa hana kosa. Ndivyo nilivyoweza kuishi. Ilikuwa njaa, si ndiyo?"

Alinitazama usoni, akingoja. Wali ulikuwa mbele yangu.

"Ndiyo, dada," nikasema. "Nilikuwa na njaa sana."